Nyongo Ilipopasukia

Kama umo ndani ya daladala, kama uko jikoni unageuza chapati, kama umekaa barazani na redio yako ya betri, karibu. Haya. Nina robo saa tu, na nililokuja nalo leo ni la watu wanaoandika, hasa vijana wa shule. Lakini usizime redio kwa sababu shule uliiacha zamani. Kama umewahi kukaa na mtu ukamsimulia habari za jirani yako mkali, yule asiyesalimia mtu, basi na wewe limo lako humu.

Nauliza hivi: kwa nini ni kazi ngumu kuandika insha kuhusu mhusika mwenye uchungu? Mhusika mchekeshaji tunamwandika. Mhusika shujaa ndiye rahisi kuliko wote, unamsifu mpaka wino unakwisha. Lakini yule mwenye kinyongo, aliyekunja uso tangu ukurasa wa kwanza, huyo anatushinda. Kwa nini?

Juzi binti wa jirani yangu, yuko kidato cha sita, alibisha hodi na daftari mkononi. "Shikamoo mwalimu." Marahaba mwanangu, karibu ukae. Nimestaafu, lakini mtaani jina la mwalimu halistaafu. Alikuwa amepewa kazi ya kuandika juu ya Shylock, yule mkopeshaji katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri akiwa Rais, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Nikafungua daftari. Sentensi ya kwanza ilisema Shylock ni katili, mchoyo na mwenye roho mbaya. Ya pili ikasema amejaa uchungu na kinyongo. Ya tatu ilianza na maneno mawili, "Hata hivyo", ikaishia hapo. Chini yake karatasi nyeupe.

"Mwalimu," akaniambia, "hapo kwenye hata hivyo ndipo nilipokwama."

Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekwa. Nimesahihisha insha miaka mingi, na nakwambia kweli, wengi wetu tunakwama kwenye hiyo hiyo hata hivyo. Tofauti ni kwamba wengine wanajua kuijaza maneno.

Ngoja kwanza nimsimulie kisa yule ambaye hakukisoma, kwa kifupi tu. Mji ni Venisi, mji wa wafanyabiashara wa baharini. Bassanio anataka kwenda kumposa Portia, binti tajiri, lakini mfukoni hana kitu. Rafiki yake Antonio ana mali nyingi, ila yote iko baharini ndani ya majahazi. Wanakwenda kukopa kwa Shylock, Myahudi, dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Shylock anasema hataki riba safari hii. Anataka hati tu, kama mzaha, kwamba siku ikipita bila kulipwa atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Ratili ni karibu nusu kilo, msikilizaji. Wanatia sahihi. Majahazi yanaripotiwa kuzama, siku inapita, na Shylock anakwenda mahakamani na kisu.

Sasa turudi kwenye daftari. Binti yule aliandika "uchungu na kinyongo" kwa pumzi moja, kana kwamba ni ndugu mapacha. Nikamuuliza, mwanangu, umewahi kuchinja kuku? Akasema ndiyo. Nikamuuliza, nyongo ikipasuka inakuwaje?

Na wewe nakuuliza. Nikiwa kijana shangazi yangu alinipa jogoo nimtengeneze, wageni wako njiani. Nikakata pale kwenye maini kwa pupa, kile kifuko cha kijani kikapasuka. Nikaosha kwa maji, nikaosha kwa chumvi, nikakamua ndimu mbili. Nikanyamaza. Mezani shangazi alionja kipande cha kwanza, hakusema kitu. Akaonja cha pili, akanitazama. Cha kwanza kilikuwa bawa, na bawa lilikuwa zuri kabisa. Cha pili kilikuwa kipande cha kifua, kilicholala jirani na maini. Maana nyongo haimwagiki kuku mzima. Inamwagika mahali.

Neno letu kinyongo limetoka humo humo, kwenye nyongo. Na hapa ndipo Kiswahili kinamsaidia mwandishi wa insha kuliko anavyojua. Kinyongo kinakaa. Kinahifadhiwa ndani, miaka, mtu anatembea nacho anasalimia watu vizuri. Uchungu ni kitu kingine. Uchungu unakuja, unapanda, una saa yake; ndiyo maana mama anayejifungua tunasema ameshikwa na uchungu. Mtu mwenye kinyongo anaweza kulala usingizi. Mwenye uchungu halali. Ukiyachanganya hayo mawili katika insha, umemchanganya mhusika.

Shylock anavyo vyote viwili, ila havikuja siku moja.

Kinyongo tunakikuta tayari. Anapoingia jukwaani mara ya kwanza, kabla hata mkopo haujakubaliwa, ananong'ona peke yake kwamba anamchukia Antonio. Anataja sababu: ni Mkristo, na zaidi ya hapo anakopesha watu bila riba, kwa hiyo anashusha bei ya fedha mjini. Msikilizaji Mwislamu hapo anatega sikio, maana habari ya riba anaijua, na moyo wake unaweza kuelemea kwa Antonio. Subiri. Dakika chache baadaye Shylock anamkumbusha Antonio, ana kwa ana, kwamba amemwita mbwa, amemtemea mate kwenye ndevu, mbele za watu, sokoni. Na Antonio anajibu nini? Anajibu kwamba huenda atamwita hivyo tena, na kumtemea tena. Hayo anayasema amekuja kukopa! Umewahi kuona mtu anabisha hodi kwako kuomba mkopo huku anakuahidi matusi?

Basi kinyongo kipo, na chanzo chake kimeonyeshwa. Lakini hati ile bado ni karatasi. Hakuna aliyekata mtu.

Uchungu unakuja katikati ya tamthilia. Jessica, binti yake pekee, anatoroka usiku na kijana wa Kikristo, Lorenzo, akiwa na sanduku la fedha na vito vya baba yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema sisi. Vijana wa mji wanamcheka Shylock barabarani. Kisha anafika rafiki yake Tubal kutoka Genoa na habari mbili zilizosukwa pamoja kama ukili: binti yako anatapanya mali huko, na jahazi la Antonio limezama. Moja inamchoma, moja inamfurahisha, tena inamchoma, tena inamfurahisha. Nasema hivi, kama unaandika insha juu ya Shylock na una nafasi ya kusoma ukurasa mmoja tu kwa makini, soma huo.

Ndani ya ukurasa huo mna vitu viwili vilivyopotea, na ningependa uvisikie vyote viwili. Cha kwanza ni almasi. Shylock anaililia, anataja mji alioinunua, Frankfurt, na anataja bei, dukati 2,000. Hapo wanafunzi wanaandika haraka: tamaa ya mali, alama moja. Cha pili ni pete ya feruzi. Tubal anasema Jessica ameitoa akapewa tumbili. Shylock anasema pete ile alipewa na Leah, kabla hajaoa. Leah ni nani? Jina lake linatajwa hapo tu, mara moja katika tamthilia nzima. Tunaelewa kwamba ni mke wake, mama yake Jessica. Na ile pete Shylock haitajii bei. Mtu yule yule aliyepiga hesabu ya almasi sasa hivi anasema asingeitoa hata apewe pori zima la tumbili.

Umesikia? Cha kwanza kina bei, cha pili hakina. Mwandishi wa insha akikaa hapo kwa utulivu, akauliza kwa nini mkopeshaji ameshindwa kutaja bei, insha inaanza kujiandika. Nyongo imepasukia hapo, pale kwenye maini. Kabla ya pete ile, hati ilikuwa mzaha wenye meno. Baada yake anatuma mtu akamtafute askari wa kumkamata Antonio.

Nikirudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: usiandike kwamba mhusika ana uchungu, ukaweka nukta. Mtafutie uchungu wake ulianzia ukurasa gani, ulimpata akiwa na nani, na alikuwa ameshika nini mkononi.

Tuseme umepata. Je, kazi imekwisha? Ahaa, hapo ndipo shida ya pili inapochomoza, na hii naiona kubwa kuliko ile ya kwanza. Ukishajua kilichomuumiza mhusika, unaanza kumpenda. Ukimpenda unakuwa wakili wake. Insha inageuka utetezi: alitemewa mate, aliibiwa, aliachwa, maskini. Nimesahihisha insha za namna hiyo, nzuri za kutoa machozi, na zote zinaruka sentensi moja. Katika ukurasa ule ule wa pete, Shylock anatamani binti yake awe maiti miguuni pake, vito vikiwa masikioni. Mzazi anasema hivyo. Wakili anaifanyaje hiyo? Anaifunika.

Hivyo hivyo wanavyoifanyia hotuba yake mashuhuri. Wengi mnaijua, ile ambayo Shylock anadai kwamba Myahudi ana mwili kama wa watu wengine, anaumia, anaugua, anacheka, anakufa. Inasomwa kwenye maadhimisho ya haki za binadamu, na inastahili kusomwa. Ila msomaji anakatisha katikati. Hotuba ile haikomei kwenye usawa wa damu. Inakwenda mpaka kwenye kisasi: kama tunafanana katika yote, na katika kulipiza kisasi tutafanana, na ualimu huo nimeupata kwenu. Ukinukuu nusu, umepata mtakatifu. Ukinukuu yote, umepata mtu.

Na kuna wanaokwenda upande mwingine, wakawa mahakimu. Hao ndio wenye "katili, mchoyo, roho mbaya". Siwalaumu sana. Mitihani yetu imewafundisha kuhesabu sifa za mhusika kama mtu anayehesabu mifuko ya saruji, kila sifa na alama yake. Lakini mhusika mwenye kinyongo hachukuliki kwa mifuko. Anavuja.

Hapa lazima niseme neno la historia, kwa upole, maana bila hilo insha ya Shylock inaweza kuwa hatari. Shakespeare aliandika tamthilia hii miaka ya mwisho ya 1590. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza na Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka ya 1650. Kwa hiyo watazamaji wake, walio wengi, walikuwa hawajapata kuishi jirani na Myahudi anayejulikana wazi kuwa Myahudi. Walikuwa na porojo tu, na porojo zile zilikuwa mbaya. Shylock amejengwa juu ya porojo hizo, kisha mwandishi akamtia mke aliyekufa na pete. Watu wameyatumia yote mawili. Mwaka 1943, mjini Vienna chini ya Wanazi, tamthilia hii ilichezwa kwa makusudi ya kuchochea chuki, wakati Wayahudi wenyewe wakipelekwa kuuawa. Zaidi ya miaka mia moja kabla, mwaka 1814, mwigizaji Edmund Kean alipanda jukwaani London akiwa na wigi jeusi, mahali ambapo watu walizoea kuona wigi jekundu la kuchekesha, akamcheza Shylock kama binadamu aliyejeruhiwa. Maneno yale yale ya Shakespeare, Shylock wawili. Basi na wewe unayeandika, jua kwamba unachagua wigi.

Na Mwalimu Nyerere je? Jina la Kiingereza linataja mfanyabiashara mmoja, na huyo mmoja ni Antonio, ingawa watu wengi hudhani ni Shylock. Mwalimu alitia wingi: Mabepari. Neno bepari lilitujia kutoka Bara Hindi, na huko lilikuwa na maana ya mchuuzi, mfanyabiashara basi. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, sikio la Mtanzania lilisikia kitu kingine kabisa. Kwa wingi ule, mkopeshaji na mwenye majahazi, aliyetema mate na aliyetemewa, wote wametiwa kapu moja. Binafsi naona ile "ma" ya mwanzo ni uhakiki mzima, umekaa juu ya jalada. Tena inatufaa katika hoja yetu, kwa sababu inatuzuia kumtazama mwenye kinyongo akiwa peke yake. Inatuuliza: na hawa waliomzunguka, mikono yao ni misafi?

Shylock mwenyewe anauliza hilo mahakamani. Anawaambia wakubwa wa Venisi: mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa. Nikiwaambia muwaachie huru muwaoze binti zenu, mtanijibu kwamba ni mali yenu. Basi na nyama hii nimeinunua, ni yangu. Msikilizaji wa Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, sina haja ya kukueleza uzito wa maneno hayo. Ila angalia alipokwenda nayo hoja. Hakusema waachieni. Amesema, kama ninyi mna haki ya kumiliki miili ya watu, na mimi ninayo. Ameuona uovu wao kwa macho makali kuliko wote ukumbini, kisha ameomba gawio lake. Hapo wakili anakosa la kusema, na hakimu vilevile. Hapo ndipo pa kuandikia.

Yapo maonyesho mengine madogo ukumbini pale. Anakinoa kisu kwenye soli ya kiatu chake, mbele ya watu. Anaombwa aite tabibu akae karibu, Antonio asije akatokwa na damu akafa. Anatazama hati, anasema jambo hilo halimo. Umemwona? Yule aliyeshindwa kutaja bei ya pete sasa anazungumza kama karani. Na Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anamshinda kwa lugha hiyo hiyo ya ukarani: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Shylock ananyang'anywa mali, analazimishwa kuwa Mkristo, anasema hajisikii vizuri, anaomba aende nyumbani. Anatoka.

Kwa haraka, maana fundi mitambo ameanza kunionyesha vidole. Wapo mtakaosema, mwalimu, unatupeleka Venisi, huku kwetu hakuna wenye uchungu? Wapo. Chukua Kazimoto katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1974. Huyo ana ugumu wake, maana ndiye anayetusimulia. Shylock tunamtazama kutoka nje, tuna Antonio na Tubal wa kutupa habari zake. Kazimoto anatushika mkono mwenyewe, na kila nyumba tunayoingia tunaiona kwa macho yake. Ukiwa umefika nusu ya kitabu, kinyongo chake umekwisha kukizoea, unadhani ni chako. Unaandikaje juu ya mtu ambaye umeazima macho yake? Hilo linataka kipindi kizima, tuliweke.

Narudi kwa binti wa jirani. Alikuja tena jana na daftari lile lile. Karatasi ya kwanza ameichana. Sentensi ya kwanza sasa inahusu tumbili. Nilifurahi, sikuonyesha sana. Ile hata hivyo haipo, kwa sababu hakuihitaji.

Lakini alikuja na swali, na sikuwa na jibu. Aliniuliza juu ya Jessica. Tamthilia inakwisha Belmont kwa Portia, usiku wa mbalamwezi, ngoma za mapenzi, pete zinarudishwa, kila mtu na wake. Shylock hayupo. Imekuja hati yake tu, ya kumrithisha mali mkwe aliyemwibia binti. Na Jessica amekaa hapo na mume wake, wapigaji wanapiga, naye anasema kwamba kila akisikia muziki mtamu hafurahi. Baada ya maneno hayo haongei tena mpaka mwisho wa tamthilia.

"Mwalimu," binti akaniuliza, "huyu naye nyongo yake imepasukia wapi?"

Fundi amekunja kidole cha mwisho. Usiku mwema, msikilizaji. Kama unalo jibu, niandikie.